Saa ya mzee usiing'arishe!

Natumaini mshahara umeingia, na kama bado, basi unaye jamaa wa kukusogeza hadi mwisho wa mwezi. Wiki iliyopita tulimalizana na wale wanaoazima suti za harusi na kuzirudisha zina mchuzi wa pilau. Waliojitambua wamenitukana, nimepokea. Leo tushuke kwenye mkono wa koti hilo hilo hadi pale kiganja kinapoanzia. Tuzungumze saa.

Usiniambie kwamba siku hizi muda uko kwenye simu. Najua, na mimi simu ninayo. Ndiyo maana nasema mtu anayevaa saa leo havai ili ajue muda tu. Anavaa ili saa iseme jambo juu yake kabla yeye hajafungua mdomo. Tatizo ni kwamba wengi wetu saa zetu zinasema uongo.

Jumapili moja jioni mpwa wangu alinijia nyumbani. Kijana wa miaka ishirini na sita, kazi anayo, pamba anajua kuzipiga. Akaja na bahasha ya kaki mkononi.

"Anko, shikamoo."

"Marahaba, anko. Za huko?"

Hata kwenye kochi hakukaa vizuri. Akamimina mezani kilichokuwa ndani ya bahasha: saa ndogo ya chuma, kioo kimejaa mikwaruzo, uso uliokuwa mweupe umegeuka rangi ya chai ya maziwa.

"Hii ya babu. Mama kanipa. Sasa nataka nifanye moja kati ya mawili. Ama nimpe fundi aipige msasa na kuipaka rangi ing'ae, niivae kwenye sendofu ya dada. Ama niiuze, nitie na mkwanja wangu, nivute saa mpya ya Uswisi, ile yenyewe. Wewe mtu wa mavazi, nishauri."

Sikumjibu. Niliingia chumbani, nikatoka na saa yangu, nikailaza pembeni ya ile ya kwake. Saa pacha hizo. Omega Seamaster mbili, zilizonunuliwa siku moja, duka moja, katika bandari ya Aden mwaka 1964. Babu wa huyu kijana, ambaye kwangu mimi ni baba mdogo, alikuwa baharia. Wakati huo Aden ilikuwa bandari huru chini ya Waingereza, na watu wa melini walishuka pale kununua saa, redio na kamera zisizo na ushuru. Baba mdogo alinunua moja yake na moja ya kaka yake, yaani marehemu baba yangu.

Kijana akazitazama zote mbili, akanyoosha kidole kwenye yangu. "Si unaona! Hii yako ndiyo babu kubwa. Inang'aa. Fundi gani kakutengenezea?"

Hapo ndipo nilipomwambia akae vizuri.

Baba alifariki mwaka 1996, saa ikaachwa kwangu. Ni saa ambayo mimi mwenyewe nilijifunzia kusoma muda. "Mshale mfupi ukiwa kwenye saba," alikuwa akiniambia, "usisome saba, soma namba inayotazamana nayo ng'ambo ya pili. Moja. Saa moja hiyo, kamata begi nenda shule." Lakini mwaka ule nilikuwa kijana wa mjini, nina miadi na binti mmoja, na uso ule uliofifia uliniletea aibu. Nikaipeleka kwa fundi mmoja ambaye simtaji. Akaniuliza, "Unataka iwe kama mpya?" Nikajibu kwa mdomo mpana: "Iwe kama mpya!"

Wiki moja baadaye akanirudishia. Kona za kasha zimepigwa msasa hadi zimekuwa duara kama sabuni iliyokaribia kwisha. Uso umepakwa rangi nyeupe pee, na maandishi yamechapwa upya. Neno Seamaster limekaa upande kidogo, ukilitazama sana utadhani limelewa. Na mgongoni, pale baba mdogo alipochongesha herufi tatu za jina la baba pamoja na neno Aden, pamekuwa laini kabisa. Hakuna kitu.

Niliivaa kwenye miadi. Binti hakuitazama saa hata mara moja. Aliyeitazama ni mama yangu. Aliishika, akaigeuza nyuma, akapitisha kidole gumba pale palipokuwa na herufi. Kisha akaniuliza taratibu: "Na ya baba yako umeiweka wapi?"

Msomaji wangu, nimeshapigwa maneno mengi katika maisha yangu. Hilo halijatoka.

Sasa tuondoke kwenye machozi twende kwenye hesabu, maana wengine mtaniambia hayo ni mambo ya kifamilia tu. Sivyo. Soko zima la saa za zamani duniani linaendeshwa na jambo hilo hilo. Wakusanyaji wa saa kuukuu hulipia ile hali ya kutoguswa: uso wa kwanza, mishale ya kwanza, kasha ambalo kona zake bado ni kona. Uso ukishapakwa rangi upya, bei huporomoka. Zipo hata saa za miaka ya 1950 na 1960 ambazo uso wake ulikuwa mweusi ukachomwa na jua na unyevu hadi ukawa wa kahawia. Kiwandani wangesema ni kasoro. Wakusanyaji wamezipa jina la nchi za joto, wanaziita za tropiki, na wanazilipia zaidi ya zile zilizobaki nyeusi. Unaona mambo hayo? Jua linalotuchoma sisi kwenye foleni ya daladala, mwenzio Geneva analinunua.

Chukua mfano wa Paul Newman, mcheza sinema wa Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mkewe, Joanne Woodward, alimnunulia Rolex Daytona, akachongesha nyuma maneno ya kumwomba aendeshe gari kwa uangalifu, kwa sababu mumewe alikuwa anaanza wazimu wa mashindano ya magari. Daytona zenye uso wa aina ile hazikuwa na soko wakati huo. Mwaka 1984 Newman akampa saa ile kijana aliyekuwa mchumba wa binti yake, kama mtu anavyotoa shati. Tarehe 26 Oktoba 2017 ikanadiwa New York kwa dola 17,752,500. Haikuwa na almasi wala dhahabu. Ni ya chuma cha pua, ya kutia ufunguo kwa mkono kila siku. Watu walishindania jina la aliyeivaa na maneno ya mke yaliyoko mgongoni. Sasa fikiria kama fundi wangu wa mwaka 1996 angeipata kabla ya mnada!

Tena hapa karibu na kwetu upo mfano. Miaka michache iliyopita nilikutana na mzee mmoja mkusanyaji, mtu wa Muscat ambaye wazazi wake walitoka Unguja, Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Yeye ndiye aliyenieleza habari za saa za khanjar. Katika miaka ya 1970 Sultani Qaboos wa Oman aliagiza Rolex kupitia duka la Asprey la London, zikachapwa usoni jambia la nembo ya Oman, nyingine zikaandikwa jina lake kwa Kiarabu, akawa anawazawadia watu waliomtumikia. Leo saa yenye nembo hiyo hupita kwa mbali bei ya ndugu yake wa kiwanda kimoja asiye na nembo. Ukibadilisha uso kwa sababu wa zamani umechakaa, umefuta kila kitu.

Nikamwonyesha saa yangu. Akaivuta karibu na jicho, akaigeuza, akairudisha mezani kistaarabu. "Ya marehemu mzee, itunze," akasema. Kwa lugha ya wanunuzi hiyo maana yake haina bei, na si kwa ule uzuri wa kutokuwa na bei.

"Kwa hiyo anko," kijana akanikatiza, "saa mpya ni upuuzi?"

Hapana. Kipya kinyemi, na safari hii si kidonda. Lazima niwe mkweli kwa pande zote mbili.

Zamani karibu saa zote za mkono zilikuwa za springi, ama unatia ufunguo kila siku, ama inajijaza yenyewe mkono unapotikisika. Tarehe 25 Desemba 1969 Seiko ya Japani ikatoa mjini Tokyo saa ya mkono ya kwanza ya kwozi, Astron, kwa yeni 450,000, bei iliyokaribia ya gari dogo. Miaka michache baadaye saa za betri zikawa bei chee, tena sahihi kuliko za springi: hukosea sekunde chache kwa mwezi, wakati ya springi hukosea sekunde chache kwa siku. Uswisi ikapigwa mweleka. Wafanyakazi wa viwanda vyake vya saa walikuwa kama 90,000 mwaka 1970; katikati ya miaka ya 1980 walibaki karibu 30,000.

Waliosalia walifanya ujanja mmoja. Walipoona hawawezi kushindana kwa usahihi wala kwa bei, wakageuza hadithi: saa ya springi ikaacha kuwa chombo cha kazi, ikawa pambo la mwenye nafasi. Kumbuka kwamba Rolex Submariner ilitoka mwaka 1953 kwa ajili ya wapiga mbizi. Omega Speedmaster ilitoka mwaka 1957 kwa ajili ya madereva wa mashindano, NASA wakaipitisha mwaka 1965, na Julai 1969 Buzz Aldrin akatembea nayo mwezini. Hizo zilikuwa zana, kama nyundo na bisibisi. Leo wanaozivaa wengi wao mbizi pekee wanayopiga ni ya kwenye bilauri.

Lakini kwa uimara, mpya haina mpinzani. Kioo cha zamani kilikuwa cha plastiki, kinakwaruzika hata kwa kucha. Cha sasa ni yakuti ya kutengenezwa, utahangaika kukikwaruza. Lile duara la nje la Submariner siku hizi ni la kauri, halipauki. Inaingia majini mita 300. Dhamana ya Rolex mpya ni miaka mitano. Ukubwa nao umepanda: saa nyingi za kiume za enzi za baba zilikuwa milimita 34 hadi 36, za leo ni 40 na zaidi. Kama wewe ni mtu wa kuogelea, wa kupanda bodaboda, wa kusahau saa bafuni, nakuambia kama ndugu: nunua mpya. Saa ya zamani ni mzee, usimkimbize.

Shida ya mpya ni mbili. Ya kwanza ni bei. Submariner mpya inazidi dola 9,000, na kwenye duka lenye kibali huenda ukapangwa foleni kwanza. Hiyo, mshikaji wangu, ni hela ya kiwanja. Ya pili ni wale wanaokudanganya kwamba ni biashara. Mwaka 2021 hadi mwanzoni mwa 2022 bei za mitumba ya Rolex na Patek Philippe zilipaa kama tiara, vijana duniani kote wakakopa kununua ili wauze. Mwaka huo huo wa 2022 zikaanza kushuka, na waliochelewa wakabaki na deni mkononi, linapiga tiki taka, tiki taka.

Na tusijifanye hatujui kuna feki. Zamani tuliambiwa, tazama mshale wa sekunde: ukiruka ruka ni betri, ukiteleza ni ya kweli. Ujanja huo umepitwa. Feki za leo nazo zina springi, nazo zinateleza. Ukiona saa ya dola 9,000 inauzwa kwa bei ya mbuzi wawili, hujaokota dodo chini ya mnazi. Umeingizwa mjini.

"Basi niiuze hii ya babu?" kijana akauliza. Nikamwambia ukweli: hiyo si ya Newman. Seamaster za miaka ile zilitengenezwa kwa wingi, na ikiwa nzima huuzwa dola mia kadhaa tu. Haitakufikisha hata robo ya safari ya kuelekea kwenye hiyo mpya unayoitaka. Utakuwa umetupa mbachao kwa msala upitao, na msala wenyewe bado hujaupata.

Sasa wewe msomaji uliyeachiwa saa na mzee wako, au unayetaka kuanza kukusanya, shika haya.

Peleka mashine tu. Fundi aifungue, aisafishe, atie oili, abadilishe springi ikiwa imechoka. Mwambie kwa herufi kubwa: usipige msasa, usipake rangi, na kipande chochote ulichotoa nirudishie kwenye mfuko. Kama hana la kukujibu ila "nitaing'arisha iwe mpya", chukua saa yako uondoke.

Usiingie nayo majini. Hata kama mgongoni imeandikwa haiingizi maji, maandishi hayo yaliwekwa zamani, na raba zake zimeshakauka. Coco Beach iache nyumbani.

Usikwangue ile dawa ya namba zinazong'aa gizani. Saa za kabla ya katikati ya miaka ya 1960 nyingi zilipakwa radiamu, kitu chenye mionzi. Inaweza kuwa imeacha kung'aa siku nyingi lakini mionzi bado ipo, maana nusu yake tu huisha kwa miaka 1,600. Ikiwa imefungwa kwenye kioo chake, ivae bila hofu kubwa. Ukiifungua na kuikwangua ukavuta vumbi lake, hapo unajitafutia.

Ukinunua kwa mtu, mnunue kwanza muuzaji. Ziko saa za vipande, uso wa moja, mashine ya nyingine, kasha la ya tatu, zimeunganishwa zikapewa jina moja. Uliza ilikuwa ya nani, ilipita wapi, nani aliifungua mara ya mwisho. Mwenye saa ya kweli ana hadithi fupi. Mwenye kimeo ana hadithi ndefu.

Dada zangu, msidhani nimewasahau. Hizo saa za kiume za milimita 34 zinawakaa nyinyi kuliko zile za kike zilizojaa vito vya plastiki. Na Cartier Tank, iliyobuniwa mwaka 1917, bado inatengenezwa na umbo lake ni lile lile. Ya zamani na mpya zikikaa pamoja, mtu wa kawaida hajui ipi ni ipi. Huo ndio unadhifu.

Na kwa asiye na urithi wala hela ya kiwanja, tafuta Seiko 5 ya zamani, aina iliyoanza mwaka 1963. Inajijaza yenyewe, mafundi wengi wanaijua, na haisemi uongo juu yako. Vibaka wa kwenye mataa nao hawana habari nayo.

Turudi kwa kijana wangu. Aliigeuza saa ya babu yake, akaisogeza kwenye taa. Herufi zilikuwepo, zimefifia lakini zinasomeka, na chini yake neno Aden. Akachukua yangu, akaigeuza. Akapitisha kidole gumba. Sikumwambia apitishe.

Aliipeleka kwa fundi, ikasafishwa mashine tu. Uso ni ule ule wa chai ya maziwa. Ndoto ya saa mpya hajaiacha, na simlaumu, kijana lazima awe na kitu anachokiwekea akiba. Nimemwambia siku atakapoinunua, ainunue mpya kweli, kwa hela yake, dukani kwenye karatasi, kisha aichakaze mwenyewe. Mikwaruzo iwe yake. Mjukuu wake naye apate cha kukataa kung'arisha.

Kwenye sendofu alivaa ya babu. Wakati wa kupakua chakula mama yake alimshika mkono, akamvua saa, akaigeuza, akasoma. Hakusema kitu. Akamvalisha tena, akamwambia aende akachukue pilau kabla haijapoa.

Mimi nilivaa yangu iliyong'aa. Inatembea vizuri tu. Mshale mfupi ulikuwa kwenye tisa, nikasoma namba ya ng'ambo. Saa tatu usiku.

Wiki ijayo panapo majaliwa tutashuka hadi miguuni: viatu vya ngozi, na kwa nini unavivaa bila soksi wakati unajijua. Tukutane.